Herufi Moja Katika Oili ya Baba

Msomaji wa jarida hili amezoea kukutana humu na uhakiki wa riwaya, mashairi ya arudhi na mabishano yetu yasiyokwisha kuhusu usanifishaji wa lugha. Leo namwomba radhi. Nakusudia kuzungumzia oili ya injini, na hasa namna ya kuchagua oili inayoifaa pikapu iliyokula chumvi nyingi. Sina shahada ya uhandisi wala sijawahi kuvaa ovaroli. Nilicho nacho ni kosa la tafsiri nililolitenda mwaka 2018, kosa ambalo lilichangia kumpokonya baba yangu injini nzima. Kwa kuwa wengi wetu katika chama hiki tunajiandaa kuwa wafasiri, nimeona si vibaya kulianika hadharani.

Gari lenyewe ni Peugeot 504, pikapu ya mwaka 1988, iliyounganishwa Mombasa kama nyinginezo nyingi za aina yake. Wasomaji wachanga huenda wasijue jinsi gari hili lilivyotukuzwa na wakulima wa nchi hii kabla ya Toyota kutamalaki barabara zetu. Sifa za Peugeot zilivuma kutokana na mashindano ya Safari Rally. Ile 404 ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Nayo 504 ikatwaa ubingwa mwaka 1975 na 1978. Mkulima aliyesikia redioni kwamba gari limepita kwenye matope na vumbi likatoka salama, hakuhitaji tangazo jingine la biashara. Uunganishaji wa 504 humu nchini ulikoma mwaka 2004, lakini hadi leo ukipita mashambani hutakosa kuiona moja ikinguruma mlimani, imebeba majani ya ng'ombe hadi juu ya kichwa cha dereva.

Baba aliinunua yetu mwaka 2003 kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Voi. Nataka msomaji autie akilini mji huo. Voi iko yapata mita 600 juu ya usawa wa bahari, na joto lake la mchana hupanda na kupita nyuzi 30. Kwetu ni Njabini, Kinangop Kusini, takriban mita 2,500 juu ya usawa huo, mahali ambapo mwezi wa Julai unaweza kuamka ukakuta nyasi zimevaa jalidi nyeupe. Kwenye kizingiti cha mlango wa dereva, mwenye gari wa kwanza alikuwa amebandika kijikaratasi chenye maandishi ya kalamu: 20W-50. Baba hakukibandua. Kwa miaka kumi na mitano alinunua oili ya nambari hiyo hiyo, na kila alipoulizwa sababu alijibu, "Gari limeizoea." Nimekuja kutambua baadaye kwamba imani hii imeenea mno. Watu husema gari limezoea oili fulani kama vile mtu azoeavyo ugoro. Injini haizoei kitu. Injini hulika tu, polepole au upesi.

Pikapu hiyo ndiyo iliyotusomesha. Mara mbili kwa wiki, katika msimu, ilishuka na viazi au kabichi hadi Soko la Wakulima jijini Nairobi, lile tuliitalo Marikiti, kisha ikarejea na mbolea, unga na mafuta taa. Ndugu zangu wawili nami tulihesabu karo kwa safari. Mama angesema, "Hii ya muhula ni safari sita," nasi tungejua maana yake.

Desemba mwaka 2018 nilikuwa likizoni, nimekwisha kumaliza mwaka wa pili chuoni na kujiona kwamba nimekuwa mtu. Ndipo taa ya oili ilipoanza kupepesa. Ni taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi, yenye umbo la kibirika kinachodondosha tone. Asubuhi injini ilipokuwa baridi haikuonekana. Ilionekana gari liliporejea kutoka Nairobi limechemka, limesimama langoni injini ikiwa bado yanguruma taratibu. Baba alipokanyaga mafuta kidogo, ilizimika. Alipoachia, ikapepesa tena, kama jicho la mtu anayekukonyeza ili akwambie jambo ambalo hataki wengine walisikie.

Fundi wetu wa pale sokoni alitoa jibu bila hata kuinama. "Mzee, injini imechoka. Oili hii imekuwa nyepesi mno kwake. Mtilie nzito. Mtilie hamsini tupu, na ile dawa ya kuizidisha uzito, taa itazimika."

Baba si mtu wa kupokea ushauri kama dawa ya kunyweshwa. Jioni ile alitoa kitabu cha gari kutoka kwenye sanduku la bati alimohifadhi hati ya shamba na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Tulikuwa jikoni, Mama anachambua maharagwe, moshi wa kuni unatuchoma macho. Baba alikifungua kitabu kwenye ukurasa wa oili akanipa. Alisema, "Wewe ndiye mwenye lugha hapa nyumbani. Hebu nieleze kitabu hiki chasema nini, na kama fundi asema kweli."

Naomba nisimulie kikamilifu nilichokifanya, maana hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Ukurasa ule ulikuwa na jedwali. Upande mmoja paliorodheshwa nyuzi za joto la hewa, kuanzia zile za barafu hadi za jangwani. Kando yake palikuwa na mistari minene, kila mstari na jina la oili yake, na kila mmoja ukianza na kuishia kwenye nyuzi zake. Mstari uliofaa baridi kama yetu ulikuwa wa 15W-40. Juu ya jedwali palikuwa na neno la Kiingereza ambalo sikulijua vyema. Kamusi ilikuwa mkobani mwangu, hatua nne kutoka nilipoketi. Sikuiendea. Nililikisia kutokana na muktadha, nikasema, "Uzito." Halafu nikaiona herufi W, na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba tunazungumzia uzito, nikaona dhahiri kwamba hiyo ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya uzito. Yote yakakubaliana. Kosa likishapata ndugu yake huwa na sura ya ukweli.

"Baba," nikasema, "hii 15W maana yake ni uzito wa kumi na tano. Ni oili nyepesi. Hamsini ya fundi ni nzito. Injini ikiwa imechoka, yahitaji nzito. Fundi asema kweli."

"Na hizi nyuzi za joto?"

"Hizo ni za Wazungu na theluji yao."

Baba akafunga kitabu. Siku ya pili alinunua oili ya SAE 50, ile isiyo na W kabisa kwenye mtungi, pamoja na chupa ya dawa nzito kama asali ya nyuki wadogo. Taa ikazimika. Ikazimika kabisa! Sikwambii furaha iliyokuwapo. Baba aliwaambia majirani kwamba karo yake haikwenda bure, nami nikarudi chuoni Januari kichwa kimenivimba.

Agosti mwaka 2019 nilikuwa nimeketi kando yake ndani ya gari hilo. Tuliondoka Njabini saa kumi alfajiri, viazi vimefika juu ya mabomba ya pikapu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Stata ilizungusha injini kwa shida, kwa sauti ya mtu anayekoroga ugali wa watu ishirini, na ilipowaka ikatoa mlio wa kugongagonga kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Baba alisema imekuwa hivyo tangu Mei. Tuliufikia mzunguko wa Flyover, tukaingia barabara kuu iendayo Nairobi. Kabla ya kufika Kimende mlio ule ulirudi. Sasa haukuwa wa juu juu. Ulitoka chini, mzito, ngo-ngo-ngo, ukienda kasi kadiri Baba alivyokanyaga mafuta. Taa nyekundu ikawaka. Haikupepesa. Baba akazima injini papo hapo, gari likajikokota hadi ukingoni mwa barabara, na pakawa kimya kiasi cha kusikia magunia yakitulia nyuma yetu.

Yaliyofuata barabarani nayapitisha haraka. Dalali mmoja alivinunua viazi vyote pale pale kwa bei ya kumcheka mwenye shida, na gari likavutwa hadi karakana moja ya Limuru.

Fundi wa karakana hiyo alikuwa mzee mkimya. Aliimwaga oili ndani ya karai, akaiinamisha mbele ya mwanga. Ndani yake chembe za rangi ya shaba zilimetameta kama vumbi la dhahabu. Alifungua sehemu ya chini ya injini, akatoa beringi za kranki moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya gazeti. Beringi nzuri huwa na uso wa kijivu ulio laini. Hizi zilikuwa zimelika hadi tabaka la shaba, na mojawapo ilikuwa imezunguka mahali pake na kupondeka. Kisha akatuonyesha chujio la pampu ya oili. Nusu yake ilikuwa imezibwa na tope jeusi.

"Taa haikuwaonya?" aliuliza.

"Ilionya mwaka jana," Baba akajibu. "Tukaiponya."

"Kwa oili gani?"

"Hamsini. Binti yangu alinisomea kitabu."

Alilisema bila hila wala kejeli. Alilitamka kama mtu anayetaja shahidi wake mwaminifu. Fundi alinitazama, nami nikayatazama yale magazeti.

Ndipo mzee yule akatueleza, na maelezo yake nimeyapima baadaye kwa vitabu nikayakuta sahihi. Kranki haikai juu ya beringi chuma kwa chuma. Huelea juu ya utando wa oili, ndani ya mwanya wa sehemu chache tu za mia za milimita, mwembamba kama unywele. Pampu huusukumia mwanya huo oili bila kukoma. Beringi zikilika, mwanya hupanuka, oili huchuruzika nje upesi, na presha hushuka. Ndiyo maana taa hupepesa wakati injini imechemka na inazunguka polepole. Ukitia oili inayonata zaidi, haichuruziki upesi. Presha hupanda. Taa huzimika. Lakini mwanya haukuziba, na beringi haikupona hata chembe.

"Taa hupima presha," alisema, "haipimi oili inayopita." Akachukua mpira wa kunyunyizia maji uliokuwa pale uani, akaubana mdomo kwa kidole gumba. Presha ndani ya mpira ilipanda, tena sana. Maji yaliyotoka yakapungua. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiifanyia injini yetu kila alfajiri. Pampu ilijaribu kufyonza oili iliyoganda kwa baridi kupitia chujio lililozibwa nusu, na beringi zilizokwisha kulika zikangoja zikiwa kavu. Ile sauti ya kugongagonga wakati wa kuwasha ilikuwa sauti ya kungoja huko.

Baba aliuliza kama ile oili nzito ndiyo iliyoiua injini. Mzee alifikiri, akasema hapana, beringi zilikuwa zimekwisha kuanza kulika na tope lilikuwapo. Lakini mwezi ule taa ilipopepesa, kazi ilikuwa kupima presha kwa geji, kushusha bakuli la oili, kusafisha chujio na kutia beringi mpya. Kazi ya siku mbili. "Mzee, mlikuwa na ufa wa kuziba. Sasa tunajenga ukuta." Kranki ilibidi ichongwe, pistoni na mikono ya silinda vibadilishwe. Baba aliuza mitamba wawili, na ndugu yangu aliyekuwa ajiunge na chuo cha ualimu Septemba hiyo akangoja mwaka mmoja. Hesabu hiyo naijua kwa moyo, wala sihitaji kuikokotoa.

Nilipofungua muhula niliingia maktaba, si upande wetu wa fasihi, bali ule wa wahandisi, ambako mlinzi aliniuliza kama nimepotea. Nililitafuta lile neno la Kiingereza lililonishinda jikoni. Maana yake si uzito. Ni ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka, na Kiswahili kina istilahi yake nzuri isiyo na kasoro: mnato, kutokana na kitenzi nata. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo. Uzito ni habari nyingine kabisa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya oili ya injini, iwe ni ile mafundi waiitayo nyepesi au ile waiitayo nzito, ina takriban kilo 0.87 hadi 0.89. Tofauti baina yao ni ya gramu chache tu. Oili "nzito" kuliko zote dukani ukiitia majini itaelea, ingawa mnato wake unayashinda maji mara mia na zaidi. Kwa hiyo neno tulilolitumia sote, fundi wa sokoni, mimi na Baba, halikuwa na uhusiano wowote na jambo lililokuwa mbele yetu. Haki ya Mungu, Waingereza wenyewe wana kosa hilo hilo. Katika mazungumzo ya karakana nao huita mnato uzito, na huenda fundi wetu alilirithi huko. Lakini kuwa na washiriki wengi katika kosa hakumpunguzii mfasiri lawama.

Nayo W? Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Nililicheka jedwali kwa kusema ni la Wazungu na theluji yao, na kumbe herufi niliyoipuuza ndiyo iliyokuwa ikizungumzia alfajiri za Njabini.

Nieleze kidogo nambari hizi, maana nimegundua kwamba hata wasomi wanaoendesha magari hawazijui. Jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, inayofahamika kwa herufi SAE, ilianza kuzipanga oili kwa madaraja mwaka 1911. Nambari ni jina la daraja, mfano wa saizi ya kiatu. 40 si kiasi cha kitu chochote. Nambari isiyo na W hutolewa kwa kupima mnato oili ikiwa na joto la nyuzi 100, karibu na joto la injini inayofanya kazi. Daraja la 30 huwa na mnato kuanzia sentistoki 9.3 hadi 12.5, la 40 kuanzia 12.5 hadi 16.3; la 50 kuanzia 16.3 hadi 21.9. Nambari inayofuatwa na W hupimwa katika baridi kali, kuangalia kama injini itaweza kuzunguka: 20W hupimwa katika nyuzi 15 chini ya sufuri, 15W katika nyuzi 20 chini ya sufuri, 5W katika nyuzi 30 chini ya sufuri. Kadiri nambari ya W ilivyo ndogo ndivyo oili inavyotiririka mapema zaidi kwenye baridi. Kwa hiyo 15W-40 si oili ya uzito wa kumi na tano, kama nilivyomhubiria Baba. Ni oili moja yenye tabia mbili, ya baridi na ya joto.

Tena nisieleweke vibaya hapa, kwani wapo wanaodhani kwamba oili ya nambari mbili hugeuka kuwa nene inapochemka. La. Kila oili hulegea kwa joto. Hii ya nambari mbili hulegea kwa kiasi kidogo tu kuliko nyingine, kwa sababu imetiwa molekuli ndefu zinazojikunja kwenye baridi na kujikunjua kwenye joto. Molekuli hizo nazo hukatikakatika kwa kutumiwa, na hiyo ni mojawapo ya sababu za kubadilisha oili kwa wakati hata kama kipimo hakijashuka. Ile SAE 50 tuliyoitia haikuwa na W wala molekuli hizo. Katika alfajiri yenye nyuzi tano za joto, mnato wake huweza kuwa mara mbili au tatu ya mnato wa 15W-40.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe: gari kuukuu litiwe ipi? Maoni yangu, na nayatoa kama mtu aliyelipia somo hili, ni kwamba umri wa gari ni jambo la tatu. La kwanza ni mahali linapolala usiku. La pili ni hali halisi ya injini, iliyopimwa kwa geji na si kwa taa. Mafundi wengi hutumia kanuni ya takriban ratili kumi za presha kwa kila inchi mraba kwa kila mizunguko elfu moja ya injini. Injini ikipata kiasi hicho ikiwa imechemka, haina haja ya kunenepeshewa chochote. Ile 20W-50 haikuwa makosa kule Voi. Kwenye joto lile, injini ya zamani yenye mianya iliyokwisha kupanuka kidogo, ikibeba mizigo, hunufaika nayo, na hata leo ningemshauri mtu wa Voi au Garissa aitie bila wasiwasi. Makosa yalikuwa kuipandisha milimani pamoja na gari, kana kwamba ni sehemu ya hati ya umiliki.

Lipo kosa la upande wa pili pia. Wahudumu wa vituo vya mafuta siku hizi husifia oili za 5W-30 na 0W-20, kwa kuwa ndizo zinazofaa magari madogo ya kisasa kutoka Japani yaliyojaa barabarani. Oili hizo hupunguza matumizi ya petroli, na injini hizo ziliundwa kwa ajili yake. Injini ya 504 haikuundwa kwa ajili ya oili hizo. Isitoshe, vinundu vya kemshafti yake husuguana moja kwa moja na vyuma vinavyosukuma vali, na msuguano huo huhitaji kinga ya zinki na fosforasi. Katika oili za kisasa za daraja la 20 na la 30 za injini za petroli, fosforasi imepunguzwa ili isiharibu kifaa cha kusafisha moshi, kifaa ambacho pikapu yetu haijawahi kukiona. Hapa msomaji wa maandishi ya mtungi anapata faida. Herufi S huonyesha oili ya injini ya petroli, na C ya dizeli. Mitungi mingi ya 15W-40 huwa na zote mbili, na oili za aina hiyo aghalabu huwa na kinga ya kutosha kwa injini kama yetu. Ununue mtungi uliofungwa vyema, kwa muuzaji unayemjua, kwani oili chafu iliyochujwa na kutiwa kwenye mtungi mpya si hadithi ya kubuni katika nchi hii.

Nilimkiri Baba kosa langu Desemba ya mwaka huo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya toba, mengine ya kifasihi kabisa. Tulikuwa jikoni tena. Nilimwambia kwamba nilitafsiri vibaya. Kwamba W si uzito bali ni baridi. Kwamba jedwali lile lilikuwa letu. Alinyamaza kwa muda. Mama aliacha kumenya viazi.

"Kamusi ulikuwa nayo?" aliniuliza.

"Ilikuwa mkobani."

"Basi hukukosea lugha," akasema. "Ulikosea kusimama." Halafu akanyanyuka, akatoa kitabu kwenye sanduku la bati, akaufungua ukurasa ule ule uliokwisha kupata alama za vidole vyenye oili, akauweka mbele yangu. "Nisomee sasa. Yote. Na hizo nyuzi."

Nikamsomea. Kila neno nisilokuwa na hakika nalo nililitafuta, naye akangoja. Ilituchukua saa nzima kuumaliza ukurasa mmoja. Tulipofika kwenye mstari wa 15W-40 aliufuata kwa ukucha wa kidole gumba, kutoka upande wa baridi hadi upande wa joto, akauliza kama Marikiti saa saba mchana imo ndani ya mstari huo. Nikamwambia imo, na Njabini saa kumi alfajiri imo pia.

Injini ilirudi kutoka Limuru mwezi wa Januari ikiwa na geji ndogo ya presha chini ya dashibodi, ambayo Baba aliiomba mwenyewe. Tuliimimina ile oili pamoja, lita nne, yeye ameshika mtungi nami nimeshika faneli. Kijikaratasi cha Voi kilikuwa bado kizingitini, wino wake umefifia. Alikikwangua kwa kisu cha kumenyea viazi, akanipa kalamu niandike kingine. Asubuhi iliyofuata, kwenye giza, stata ilizungusha injini mara mbili ikawaka. Baba hakusema neno. Aliinamisha kichwa karibu na geji, akawasha tochi ya simu yake, akauangalia mshale ukipanda.